Samaki Anaelea Chali: Ununue Nini Kwanza Hapa Nairobi

Samaki wa dhahabu akianza kuelea chali, au beta (samaki mdogo wa rangi kali na mapezi marefu) akilala sakafuni mwa tangi huku tumbo limefura, wafugaji wengi mjini hukimbilia chupa ya dawa. Naipinga haraka hiyo. Mara nyingi kifuko cha hewa, kiungo kinachomsaidia samaki kuelea sawasawa, chenyewe hakina maradhi yoyote: kimebanwa na utumbo uliojaa, au samaki amedhoofishwa na maji mabaya au baridi. Ndiyo maana nimepanga vitu hivi kwa kufuata chanzo cha tatizo, na dawa kali nimeiweka mwisho.

Kabla ya kutoa hata shilingi, mnyime chakula siku 2 au 3. Samaki aliyekomaa hustahimili bila shida, na wengi hupata nafuu hapo hapo. Kisha mtazame kutoka juu. Magamba yakiwa yamesimama kama ya tunda la msonobari, hilo si tatizo la kufunga choo tena. Maji yanajaa mwilini, mara nyingi kwa sababu figo zimeshindwa kufanya kazi. Huyo anahitaji namba 1 leo hii, na daktari wa mifugo pia.

1. Chumvi ya Epsom

Kama una pesa ya kitu kimoja tu, nunua hii. Ni magnesiamu salfeti: hulainisha utumbo na husaidia kupunguza maji yaliyojaa mwilini, kwa hiyo inafaa kwa aliyefunga choo na kwa aliyevimba. Inunue famasia, si katika rafu za vipodozi. Ile ya kuogea yenye harufu ya lavenda au rangi itamuumiza samaki. Agrovet nao huuza magnesiamu salfeti ya mimea, na ni rahisi zaidi kwa kilo, lakini mimi siipendekezi kwa sababu huwezi kujua imechanganywa na nini. Soma lebo: iwe magnesiamu salfeti peke yake.

Chukua ndoo safi ya lita 20 ambayo haijawahi kutiwa sabuni, ujaze maji yaliyoondolewa klorini na yenye joto lile lile la tangi. Yeyusha kijiko kimoja cha mezani kwenye kikombe, umimine kidogo kidogo kwa muda wa saa moja hivi samaki akiwa ndani, na uweke pampu ya hewa. Maji yakipungua kwa kuvukizwa, chumvi hubaki. Ukibadilisha nusu ya maji, rudisha nusu ya chumvi tu. Kwa kuwa unatumia ndoo, mimea na konokono wa tangini hawaguswi.

Duka likikupa chumvi ya akwariamu badala yake, kataa. Hiyo ni sodiamu kloridi, ina kazi zake nyingine, lakini kufungua choo si mojawapo.

2. Kipimo cha maji

Nunua cha matone, si cha vikaratasi. Ni ghali kidogo lakini kinadumu kwa vipimo vingi na husomeka vizuri zaidi. Lazima kipime amonia na nitriti, sumu zinazotokana na uchafu wa samaki, ambazo zote mbili zinapaswa kuwa 0. Nitrati ikipita miligramu 40 kwa lita, badilisha maji. Wanaotumia maji ya kisima au ya boza wapime hata pH (kiwango cha asidi ya maji), kwa sababu amonia ile ile huwa sumu kali zaidi pH inapopanda. Maji ya mfereji yana klorini, hivyo ongeza chupa ya kuondoa klorini kwenye kapu lako.

3. Chakula kinachozama, na minji

Samaki wa dhahabu hana tumbo la kuhifadhia chakula. Anachomeza huingia moja kwa moja kwenye utumbo. Chakula kinachoelea humfanya ameze hewa pamoja nacho. Tembe ndogo zinazozama, ulizoziloweka dakika chache na kumpa kidogo kidogo, huzuia mengi. Minji zilizogandishwa zipo supamaketi nyingi, na mbichi zipo sokoni: chemsha, menya ganda, ponda, mpe kipande kimoja au viwili baada ya mfungo. Usimfanyie hivyo beta, maana yeye ni mla nyama. Mtafutie dafnia (vijidudu vidogo vya majini) zilizogandishwa.

Wenye oranda, ryukin au ranchu, aina za samaki wa dhahabu wenye mwili wa duara, wajue jambo moja linaloniuma: miili yao imefupishwa kwa uzalishaji hadi viungo vinabanana, na baadhi wataelea maisha yao yote. Chakula sahihi huwapunguzia, hakiwaponyi. Bado wanaweza kuishi vizuri maji yakiwa safi.

4. Hita na kipimajoto

Usiku wa Julai Nairobi ni baridi, na beta anahitaji nyuzi 24 hadi 28. Katika baridi mmeng'enyo wake hupungua kasi na tumbo hujaa. Kadiria wati 1 kwa lita 1. Kagua plagi kabla ya kulipa, kwa sababu hita nyingi huja na pini mbili za duara. Nunua adapta imara. Samaki wa dhahabu hutosheka na nyuzi 20 hadi 22.

5. Antibayotiki

Inunuliwe tu daktari wa mifugo aliyesajiliwa akishasema kuna maambukizi ya bakteria. Haifungui choo wala haitibu baridi, na ukiimwaga kwenye tangi kuu inaweza kuua bakteria wema wa kichujio. Amonia itapanda na samaki wote wataumwa. Ukipewa, tumia ndoo ya matibabu, ondoa kaboni kwenye kichujio kwa sababu hunyonya dawa, na maliza dozi yote hata akianza kuogelea wima siku ya pili.