Uzoefu wangu: College Football Hall of Fame, Atlanta, na daktari niliyemfuata huko

Nilimpeleka mpwa wangu, anayecheza futiboli ya Kimarekani shuleni kwao, kwenye jumba hili la makumbusho linaloenzi magwiji wa mchezo huo vyuoni Marekani. Tulipanda treni ya MARTA, na kutoka kituoni ni mwendo mfupi tu.

Ukiingia unajisajili na kutaja chuo unachokishabikia. Yeye akataja Ohio State. Mbele yetu kulikuwa na ukuta wa helmeti zaidi ya 700, umepanda ghorofa tatu, na helmeti ya chuo chake ikawaka. Kijana mzima akanishika mkono!

Baada ya hapo alikimbilia uwanja wa ndani wa yadi 45, akapiga mipira hadi fulana ikalowa. Mimi nilimtaka John Wilce, kocha wa zamani wa Ohio State aliyekuwa pia daktari. Walioenziwa humo ni wachezaji zaidi ya 1,000 na makocha zaidi ya 200, kwa hiyo mtu wako unamtafuta kwenye skrini. Nilipompata sikubanduka.

Wilce alianza kuinoa Ohio State mwaka 1913, akiwa na miaka 25. Mwaka 1916 wakatwaa ubingwa wao wa kwanza wa ligi. Mwaka 1919 wakaifunga Michigan kwa mara ya kwanza, 13 kwa 3. Na mwaka huohuo wa 1919 akahitimu udaktari! Mimi nasomea uuguzi huku nafanya zamu za usiku, kitabu kinaniponyoka mkononi saa kumi alfajiri, na habari hiyo ilinigusa sana. Hakupenda lugha chafu. Inasemekana ndiye aliyebuni msemo wa Kiingereza "intestinal fortitude", yaani ushupavu wa utumbo, badala ya neno la mitaani "guts" (matumbo). Sisi tungesema kupiga moyo konde, na moyo ndio alioufanyia utafiti baadaye. Mwaka 1928, akiwa na ushindi 78, aliacha ukocha akaenda kutibu watu. Kuanzia 1934 hadi 1958 aliongoza huduma za afya za wanafunzi pale Ohio State, na kituo chao cha afya kinaitwa kwa jina lake.

Mpwa wangu akaja anahema. "Mjomba, huyu ni kocha au daktari?" Nikamsomea yote tangu mwanzo, naye akasikiliza bila kugusa simu.

Tengeni masaa matatu, na watoto wavae raba.