TAHADHARI: Mkifika Prague msibadilishe euro na mtu wa barabarani, nimelizwa 200

Jamani, leo ni Jumatatu na bado nikikumbuka nasikia joto usoni. Wa kwenye grupu la safari mnajua kilichotokea Jumamosi, na ninyi watatu mlionikabidhi hela zenu nimeshawaomba radhi, nitawalipa, hilo halina mjadala. Hii ni ya wengine, hasa wenzetu wa Leipzig mliosema mnakwenda Prague wikiendi hii. Nimepigwa euro 200 mchana kweupe, nikiwa na akili zangu timamu, nikihesabiwa noti moja moja mbele ya macho yangu.

Kutoka Dresden hadi kule ni mwendo wa kama saa mbili kwa basi. Tulishuka Florenc, tukachukua metro hadi Můstek, tukaibukia upande wa chini wa ule uwanja mrefu wa Václavské náměstí, wenye sanamu ya mtu juu ya farasi na jumba la makumbusho kule mwisho. Wacheki wamo Umoja wa Ulaya tangu 2004 lakini euro hawatumii, wana koruna zao. Kadi yangu mnajua makato yake. Ndiyo maana tulikubaliana kila mtu atoe 50, nishike mimi, kama tulivyofanya Berlin.

Tulikuwa watatu mbele ya duka la kubadilishia fedha, tunasoma ubao. Dokta, mwenzetu wa nne, alikuwa amekwenda kutafuta choo, na hilo nitalirudia, maana angekuwepo haya yote yasingetokea. Akaja mwanaume wa makamo, koti la kijivu, viatu safi, begi dogo begani, mtu ambaye ukimwona ungedhani anatoka kazini benki. Hakuanza kwa kuomba kitu. Alianza kwa kutuonya. Akasema, "Msiingie humo, hao ni wezi. Hiyo namba kubwa ni ya anayenunua euro, ninyi mkiuza watawapa koruna 19 tu kwa euro." Akatuonyesha kwa kidole maandishi madogo chini ya ubao. Nikasoma, nikaona ni kweli! Hapo moyo ukamfungukia. Mtu aliyekuonyesha mtego kabla hujaukanyaga, utamdhania vipi kwamba naye ni mtegaji?

Akauliza tunatoka wapi. Nikasema Tanzania. Akashika kifua, akasema "Jambo, Zanzibar!" na kwamba alipeleka familia yake Nungwi na wanawe bado wanaidai ile bahari. Msinicheke kwa hili. Nina miezi saba sijasikia mtu baki akitaja nyumbani kwa furaha namna ile. Ukikaa ugenini, jina la kwenu likitamkwa vizuri linakulainisha.

Ndipo akasema anakwenda Munich Jumatatu kwa kazi, anahitaji euro, na badala ya kupeleka faida kwa wezi wale tubadilishane wenyewe kwa wenyewe, 26 kwa euro moja. Nilijua kiwango halali kinacheza kwenye 25, niliangalia usiku uliopita. Hakuja na 40 ya kunishtua, alikuja na kijiongeza kidogo tu, cha mtu muungwana. Akatoa simu, akapiga hesabu, akanigeuzia kioo nisome: 5,200. Akatoa noti ya 1,000 kwenye pochi, akaniachia niishike. Noti nzuri, ina mzee mwenye ndevu, ukiielekeza kwenye mwanga unaona alama. Akasema, "Kagua, ni haki yako." Nikakagua. Nikampa wenzangu nao wakakagua. Tukamrudishia.

Sasa sikilizeni vizuri hapa. Alipoichukua ile noti aliirudisha kwenye pochi, halafu fungu alilotoa kunihesabia lilitoka mfuko mwingine wa koti. Mimi niliona mkono tu, sikuona mfuko. Alikuwa amezikunja katikati, namba ikiwa nje, akihesabu kwa kidole gumba: elfu, elfu, elfu, elfu, elfu, na mia mbili juu. Niliona michoro ya jengo, nikajiambia huo ndio upande wa nyuma wa yule mzee. Nimenyoosha mkono nifungue fungu nitazame tena, akageuka ghafla upande wa barabara, akasema kwa sauti ya chini, "Polisi, weka haraka, watatusumbua." Nikatia mkobani. Euro zetu nne za 50 zikawa mkononi mwake. Akatutakia safari njema, akaondoka akitembea taratibu, hata hakukimbia.

Kilichonivuruga zaidi ni kwamba ile 200 ya juu ilikuwa halali! Tulikwenda uwanja wa mji mkongwe kuiangalia saa ya Orloj, ile iliyoanza 1410, ikigonga unaona mitume wanapita dirishani na kiunzi cha mifupa kinavuta kengele. Pale pembeni tukanunua trdelník, unga unaozungushwa kwenye mti juu ya makaa halafu unapakwa sukari na mdalasini. Nililipa kwa ile 200, muuzaji akaipokea bila neno, akanirudishia chenji ya sarafu. Baada ya hapo ningekuwa na shaka gani? Tukala unga ule wa moto tukivuka Daraja la Charles, tukipigana picha kwenye masanamu yake. Nilikuwa na furaha, nasema kweli. Ilikuwa siku nzuri kuliko zote tangu nije Ulaya, na huyo mtu ameichafua. Picha zile siwezi kuzifungua.

Mchana tukaingia mgahawani ng'ambo ya mto. Tukaagiza guláš ya ng'ombe na knedlíky, mkate wao wa kuchemshwa unaokatwa vipande na kuchovywa kwenye mchuzi. Aliyezoea ugali hapati tabu nao. Bili ikaja 1,140. Nikatoa noti mbili za elfu, nikaziweka kwenye kile kijisahani. Mhudumu akazitazama, hakuzigusa. Akasema, "Hii si pesa yetu."

Meza ya jirani waligeuka. Nikatoa nyingine, nikatoa zote tano, nikazipanga mezani kana kwamba moja wapo ingekubali. Dokta (mnajua alisoma Urusi kabla ya kuja huku) akavuta moja, akasoma maandishi kama anasoma gazeti. "Hizi ni ruble, fedha za Belarus. Na ni za zamani, walizifuta 2016, wakakata sifuri nne." Yaani hizo elfu tano zote, hata zingekuwa bado hai, zisingefika senti thelathini za dola. Dada wa Mombasa, mwenzetu mwingine, akalipa kwa kadi yake kimya kimya. Ule ukimya wake uliniumiza kuliko angenigombeza.

Polisi tulikwenda. Afisa alichukua maelezo kwa upole, akatuambia wageni wanaletwa na kisa hiki hiki mara kwa mara, na hao watu huwa hawako peke yao, mmoja huwa kando akiangalia. Kisha akanieleza jambo lililonichoma. Kubadilisha fedha kule kunahitaji kibali, anayefanya mtaani anavunja sheria. Na yale maduka aliyoyaita ya wezi, tangu Aprili 2019 ukibadilisha humo chini ya euro 1,000 ukaona umeonewa, una saa tatu za kurudi na risiti, wafute, urudishiwe hela yako. Mnaona? Kweli kiwango cha lile duka kilikuwa kibaya, lakini pale kulikuwa na risiti na sheria ya kunilinda. Yeye alinitoa pale penye kinga akanipeleka palipo wazi, na nilimshukuru. Nilimwambia ahsante, Mungu akubariki. Kwa mdomo wangu huu.

Mtu kama huyu afungwe. Afungwe kweli, na asipewe faini ya kulipa kwa hela za watu halafu kesho yuko palepale na koti lake. Anajua anaowachagua: vijana, wageni, wenye kuhesabu senti, wanaopanda basi la usiku kurudi kwa sababu hawana cha hoteli. Zile 200 kwangu ni wiki za kuosha vyombo jikoni kwa watu. Ningependa siku moja asimamishwe mahakamani mbele ya wote aliowashikisha takataka zile, atutazame mmoja mmoja usoni kama alivyonitazama mimi akitaja Nungwi. Na huyo mwenziwe aliyekuwa pembeni afungwe naye. Sina huruma nao hata chembe.

Haya, ya kuangalia. Noti zote za koruna za siku hizi zina sura ya mtu upande wa mbele. 200 ni Komenský, 500 ni mwanamke, Božena Němcová, 1,000 ni Palacký mwenye ndevu. Ukiona jengo tu, kimbia. Ukiona herufi kama za Kirusi, kimbia, Wacheki wanaandika kwa herufi hizi hizi zetu na vialama juu. Kama lazima utoe taslimu, tumia mashine ya benki yenyewe, na ikikuuliza ukatwe kwa euro au kwa koruna chagua koruna. Sehemu nyingi wanapokea kadi, hata tungevumilia makato tu. Na anayekwambia "polisi, weka haraka" ndiye anayepaswa kuogopa polisi, wewe simama, fungua fungu lote, hesabu. Namba ya polisi kule ni 158. Mengine yakinijia nitaongeza, sasa hivi kichwa hakijatulia.

Zile noti tano sikuzitupa, ziko kwenye droo yangu. Anayekwenda Ijumaa apite chumbani kwangu azione na kuzishika kabla hajapanda basi. Nipo kila jioni kuanzia saa moja.