Bwawa la kuogelea Mbeya msimu wa baridi: kabla hujalipa, kaone bafu

Juni nilitoa laki na ushee, kadi ya mwezi mimi na watoto wawili, sababu tangazo lilisema "bwawa la ndani, maji ya uvuguvugu". Kumbe hiyo "ndani" ni paa la bati tu, pande tatu wazi, upepo wa mlima Loleza unapita humo utadhani nao umelipia kadi. Maji yenyewe sina ugomvi nayo, yalivumilika. Kilichotuua ni kutoka. Bafu liko ng'ambo ya parking, unakatiza na taulo lako limelowa, unafika unafungua bomba, na maji ya bomba ya Mbeya mwezi wa sita mnayajua wenyewe. Mdogo alitetemeka mpaka ndani ya bajaji.

Tangu hapo siulizi urefu wa bwawa wala kama kuna viti vya kupigia picha. Nauliza bafu. Ngozi ikiwa mbichi upepo unaikausha na unaondoka na joto lako, ndo maana unaweza ukawa mzima kabisa kwenye maji halafu ukagandia nje, na huku tuko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, jua likizama tu imekula kwako. Wakikwambia hita ipo usikubali, omba ufungue bomba mwenyewe usubiri, na uulize umeme ukikatika inakuwaje.

Namba moja kwangu ni bwawa lenye kuta pande zote na bafu mlango kwa mlango, hata likiwa dogo. Lipia siku moja kwanza. Uliza pia kama usiku wanafunika maji kwa turubai, maana joto la bwawa linaondoka zaidi na mvuke, asiyefunika anawapashia joto popo.

Namba mbili, bwawa la wazi la hoteli, ila saa sita mpaka saa tisa mchana tu. Huu msimu mvua hakuna na jua la mchana linasaidia.

Namba tatu Matema. Unateremka Tukuyu, Kyela, mpaka Ziwa Nyasa, kule chini joto lipo hata Julai. Ila nauli na kulala vinakula hela, na waulizeni wenyeji sehemu ya kuogea, mamba wapo midomoni mwa mito na kichocho nacho kipo.

Lile la plastiki la kupuliza, unamwagia masufuria ya maji moto, gesi inaisha. Tuendelee.

Kofia ya kuogelea, hapa nina upendeleo na siombi radhi: Speedo ya silikoni. Yangu niliitoa mitumba ya soko la Sido, msimu wa tatu huu, nywele zinalowa kidogo tu, na mwenye rasta anajua kichwa kibichi kwenye upepo ni mateso gani. Zile za kitambaa zinanyonya maji yote.

Kinachonikera zaidi ni bei ya Juni kuwa ileile ya Desemba, na bado wanakulazimisha ununue chipsi hapohapo. Nilivyoenda kulalamika meneja akanijibu "dada, baridi ni ya Mungu". Sawa, na hita je? Kadi ina wiki mbili bado, hela hairudishwi na kumpa mtu mwingine hawataki.