Darasa la jioni la Renesansi, Mtwara: elfu tano halali, ila ramani haisomeki

Bei ni shilingi 5,000 kwa jioni moja. Unalipa mlangoni, na risiti hupewi mpaka uidai. Darasa liko chumba cha nyuma cha steshenari moja huku Chikongola: mabenchi ya shule, ubao mweupe, feni moja inayowapepea waliowahi tu. Anayefundisha ni mwalimu mstaafu wa historia. Somo ni Renesansi, yaani namna watu wa Italia walivyofufua elimu ya Wagiriki na Warumi wa kale, na ufufuo huo ulivyogeuza vitabu, siasa na ramani. Shemeji yangu aliniuliza mtu wa Mtwara ana haja gani na Florence, mji wa Italia. Haya, shemeji, soma.

Mimi ni karani wa ghala la korosho. Msimu ukifunguliwa Oktoba, maisha yangu ni karatasi: uzito, daraja, sahihi, stakabadhi. Ndiyo maana jioni ya Lorenzo Valla, msomi wa Italia, ilinikamata. Kwa karne nyingi mapapa walijivunia hati iliyodai kwamba Kaisari Konstantino aliwaachia Roma na utawala wa nchi zote za magharibi. Mwaka 1440 Valla aliisoma hati ile kama karani anavyosoma karatasi iliyoletwa na mtu asiyemwamini. Alikuwa amezama katika Kilatini cha kale, kile ambacho wenzake walikuwa wakikisaka kwenye maktaba za watawa, kwa hiyo aliona mara moja kwamba lugha ya hati haikuwa ya zama za Konstantino. Ilitaja hata maliwali wa Kiajemi kana kwamba walikaa Roma! Ilikuwa ya kughushi, iliandikwa karne kadhaa baada ya Kaisari kufa.

Mwalimu hakuishia kusimulia. Alitugawia barua aliyoitunga mwenyewe, yenye tarehe ya 1958, akasema tutafute uongo. Kijana wa bodaboda akawahi: "Mwalimu, hapa wameandika Tanzania, na Tanzania ni ya 64." Tukadhani tumemaliza. Mzee mmoja nyuma akakohoa. "Na huu Mkoa wa Lindi wameutoa wapi? Lindi imekuwa mkoa 1971. Hamsini na nane sote huku tulikuwa Jimbo la Kusini." Chumba kizima kilipiga makofi. Kwa jioni ile peke yake ningelipa hata elfu kumi.

Kuna pia habari ya herufi. Poggio Bracciolini, msomi wa Italia aliyeibua shairi la Lucretius, mshairi wa Roma ya kale, kwenye monasteri mwaka 1417, alikuwa na mwandiko mzuri, nao uliigwa na wachapaji. Yeye na wenzake waliamini wanaiga mwandiko wa Warumi wa kale. Kumbe vitabu walivyovikuta vilinakiliwa na watawa wa enzi ya Charlemagne, mfalme wa Wafaranki aliyekuja karne kadhaa baada ya Warumi hao, na waliowafuata. Herufi za kawaida tunazosomea leo zimetokana na mwandiko huo. Zile za mlazo zilianzia Venice kwa mchapaji Aldus Manutius, aliyezitumia mwaka 1501 kuchapa mashairi ya Virgil, Mrumi wa kale, katika kitabu kidogo cha kubebeka. Siku hizi nikichapa fomu za ghala huwa nazitazama mara mbili.

Jioni ya Kilwa ndiyo iliyojaza watu mpaka mlangoni. João de Barros alikuwa ofisa wa biashara ya India mjini Lisbon, msomi aliyependa kuandika historia kwa mtindo wa Livy, Mrumi. Mwaka 1552 alichapisha sehemu ya kwanza ya historia yake ya Wareno huko Asia, na ndani yake akaweka muhtasari wa tarikh ya masultani wa Kilwa. Ni Wareno haohao walioiteka na kuipora Kilwa mwaka 1505. Mwalimu aliyasema yote mawili kwa pumzi moja, hakuremba, na hapo nilimheshimu.

Sasa malalamiko. Ramani ya Ptolemy, mtaalamu wa kale aliyeandika kwa Kigiriki, ambaye kitabu chake cha jiografia kilitafsiriwa kwa Kilatini mwanzoni mwa miaka ya 1400, ilipaswa kuwa tamu kuliko zote, maana inafika mpaka pwani yetu: soko la Rhapta, kisha rasi ya Prason, ambayo wengi huihusisha na Cape Delgado, hapo tu ng'ambo ya Ruvuma. Tulichopewa ni fotokopi ya fotokopi, nyeusi kama chungu. Steshenari ni yao, wino wanao!

La pili ni zito zaidi. Baghdad, ambako vitabu vya Wagiriki vilitafsiriwa kwa Kiarabu, ilipita kama basi la usiku. Nusu ya chumba tumesoma madrasa, halafu Hunayn ibn Ishaq, aliyetafsiri vitabu vya tiba vya Galen katika karne ya 9, anapewa sentensi moja? Na tabibu Ibn Sina, ambaye Qanun yake, kitabu cha tiba, ilitafsiriwa kwa Kilatini huko Toledo katika karne ya 12 na kufundishwa vyuoni Ulaya kwa karne kadhaa, hakutajwa mpaka mama mmoja alipouliza.

Wanasema wanaanza baada ya Isha, lakini ni maneno tu. Fika na kahawa yako. Mwanafunzi wa kidato cha tano atafaidi, ingawa si masomo ya mtihani. Awamu ijayo ni majengo, na nimeshalipia. Mwalimu, shikamoo, najua mwanao atakusomea haya: tunaomba jioni nzima ya Baghdad, na ile ramani ichapwe upya.