Vyakula vya Pakiti na Ulaji Safi: Kipi Kinunuliwe Kwanza, Kipi Kiachwe Rafuni

Mtu anayeamua kufuata ulaji safi, yaani kula chakula kilicho karibu na hali yake ya asili, mara nyingi huanza kwa kujipiga marufuku kununua chochote kilichofungwa kiwandani. Katazo hilo ni kali kupita kiasi. Maharage makavu huuzwa katika pakiti, maziwa huuzwa katika boksi, na njegere zilizogandishwa ni njegere zile zile zilizochumwa shambani. Kinachokiharibu chakula si karatasi iliyokifunika, bali ni yale kilichofanyiwa kabla ya kufunikwa.

Kipimo ninachokitumia hapa ni cha NOVA, mpango wa kuvigawa vyakula kwa kadiri vilivyosindikwa, uliotokana na kazi ya mtafiti wa lishe Carlos Monteiro na wenzake wa Chuo Kikuu cha São Paulo nchini Brazili. Mpango huo una makundi manne: vyakula visivyosindikwa au vilivyosindikwa kidogo tu; viungo vya kupikia kama vile mafuta, sukari na chumvi; vyakula vilivyosindikwa kwa kuongezewa viungo hivyo; na vyakula vilivyosindikwa kupita kiasi, ambavyo hutengenezwa kwa viambato visivyopatikana katika jiko la kawaida. Kundi hili la mwisho ndilo la kulichunga. Katika jaribio lililoongozwa na Kevin Hall nchini Marekani na kuchapishwa mwaka 2019, watu wazima 20 walilishwa vyakula vya aina hiyo kwa wiki mbili, na vyakula visivyosindikwa kwa wiki nyingine mbili, wakiwa huru kula kadiri walivyotaka. Ijapokuwa milo yote iliandaliwa iwe na kiasi sawa cha kalori, sukari, mafuta, chumvi na nyuzinyuzi, walipokuwa kwenye vyakula vilivyosindikwa kupita kiasi walikula takriban kalori 500 zaidi kwa siku.

Nafasi ya kwanza naipa nafaka nzima, kunde kavu, karanga na mbegu zisizotiwa chumvi, pamoja na mboga na matunda yaliyogandishwa bila kuongezwa kitu. Orodha ya viambato vyake huwa na neno moja, na mnunuzi hahitaji kusoma zaidi. Mboga zilizogandishwa zinastahili heshima kuliko zinavyopewa, kwa sababu kwa kawaida hugandishwa muda mfupi baada ya kuvunwa, ilhali mboga zinazoitwa mbichi huenda zimekaa siku kadhaa njiani na sokoni zikipoteza vitamini C.

Nafasi ya pili ni ya vyakula vya kopo: maharage, nyanya na samaki. Hapa chumvi ndiyo ya kuangaliwa. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, na lebo nyingi huandika sodiamu badala ya chumvi, kwa hiyo zidisha kiasi cha sodiamu mara 2.5 ili upate chumvi yenyewe. Maharage ya kopo yakimwagwa maji yake na kusuuzwa hupungua chumvi kwa kiasi cha kuonekana. Samaki aliyehifadhiwa kwa maji au kwa mafuta ya zeituni ni chaguo jema. Aliyezamishwa katika mchuzi mtamu hushuka daraja.

Ya tatu ni mtindi, jibini na siagi ya karanga, na hapo ndipo panapohitaji jicho makini, kwa kuwa kopo jema na kopo baya hukaa bega kwa bega na kufanana sura. Chukua mtindi. Mtindi usiotiwa kitu huwa na sukari ya gramu 4 hadi 5 hivi katika kila gramu 100, nayo ni sukari ya maziwa yenyewe. Ukikuta mtindi wa matunda wenye gramu 12, basi takriban gramu 7 zimetoka nje ya maziwa, na kikombe cha gramu 150 kitakupa zaidi ya gramu 10 za nyongeza, ambazo ni karibu vijiko vitatu vya chai. Nunua ule mtupu, ukate tunda mwenyewe. Kwa siagi ya karanga, orodha isome karanga, pengine na chumvi, basi.

Mkate na nafaka za kifungua kinywa naziweka nafasi ya nne, nazo ndizo zinazowapoteza wengi. Sheria za lebo katika nchi nyingi hudai viambato viorodheshwe kuanzia kilicho kizito zaidi, kwa hiyo mkate unaojiita wa ngano nzima huku orodha yake ikianza na unga uliokobolewa unajikanusha wenyewe. Kuna pia mbinu ya kuigawa sukari: mtengenezaji hutia sukari kidogo, shira ya glukosi kidogo, asali kidogo na sharubati iliyokolezwa kidogo, na kila moja hushuka chini ya orodha ingawa zikijumlishwa huenda zingeshika nafasi ya pili. Zihesabu zote kama kitu kimoja. Linganisha bidhaa kwa gramu 100 na si kwa kipimo cha mlo, kwa sababu kipimo hicho huwa kidogo kuliko mtu anavyojipakulia. Miongozo ya lebo za rangi nchini Uingereza huhesabu sukari inayozidi gramu 22.5 katika gramu 100 za chakula kuwa nyingi, na isiyozidi gramu 5 kuwa kidogo. Mipaka hiyo inafaa kukumbukwa dukani popote pale.

Nafasi ya mwisho ni ya soseji na nyama nyingine zilizosindikwa, tambi za papo hapo, vitafunio vya kukaanga, na vinywaji vyenye sukari. Nyama zilizosindikwa ziliwekwa na shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, mwaka 2015, katika kundi la vitu vilivyothibitika kusababisha saratani kwa binadamu. Pamoja nazo naziweka, bila kusita, biskuti na vipande vya nafaka vilivyopambwa kwa maneno kama “asilia” au “chanzo cha nyuzinyuzi”, endapo nyuma yake zina shira tatu, ladha za kutengenezwa na viambato vya kuunganisha mafuta na maji. Maneno ya mbele ya pakiti huchaguliwa na muuzaji. Geuza pakiti kwanza, usome nyuma, ndipo uamue kuiweka kikapuni.