Mlango wa paka wa SureFlap: kasoro nyingi ni za tundu, si za mlango

Mlango wa paka wa kawaida ni kibao cha plastiki kinachobembea, basi. Paka wako anapita, na paka shume wa mtaa mzima naye anapita, anamaliza chakula kilichobaki kwenye sahani, anakojolea pazia, kisha anatoka kwa njia ileile. SureFlap ya chipu ilibuniwa kwa ajili ya huyo shume. Mbunifu wake, Nick Hill, ni mwanafizikia wa Cambridge, Uingereza, na kilichomsukuma ni paka wa majirani waliokuwa wakiingia kula chakula cha paka wake, Flipper.

Kabla yake kulikuwa na milango ya sumaku. Paka anavalishwa sumaku shingoni na kitasa kinaachia anapoikaribia. Sumaku hiyo haichagui: inafungua mlango wa jirani mwenye kifaa kama chako, na paka anarudi nyumbani na misumari na vifuniko vya soda vimemning'inia shingoni. Kwenye SureFlap kinachosomwa ni chipu iliyo chini ya ngozi, katikati ya mabega, kitu cha ukubwa wa punje ya mchele ambacho daktari wa mifugo hukiingiza kwa sindano. Chipu haina betri. Antena iliyozunguka njia ya mlango huipa nguvu paka anapoingiza kichwa, nayo hujibu kwa namba yake. Namba ikitambuliwa, kitasa kinalia "tak", paka anasukuma kibao kwa paji la uso na kuingia. Kumbukumbu ina nafasi ya paka 32, na kifaa husoma chipu za tarakimu 15 zinazotumika sana sasa pamoja na zile za zamani za tarakimu 9 na 10.

Kuna jambo moja ambalo wanunuzi wengi hulijua wakiwa wameshatoboa mlango. Toleo la kawaida linasoma chipu upande wa kuingia tu. Aliye ndani, awe paka wako au mgeni, anatoka bila kuulizwa. Ukiwa na paka wawili na unataka mmoja abaki ndani (mgonjwa, au jike ambaye hajafungwa kizazi), toleo hili halikufai. Tafuta toleo la DualScan, linalosoma pande zote mbili. Toleo la kawaida lina swichi ya kugeuza kwa mkono yenye nafasi nne: kupita kote, kuingia tu, kutoka tu, na kufunga kabisa. Kwa nyumba yenye paka mmoja au wawili wenye ruhusa sawa, swichi hiyo inatosha.

Mpime paka kabla ya kumpima fundi. Nafasi ya kupita ni milimita 142 kwa upana na 120 kwa kimo. Paka wetu wa kawaida wa pwani, mwembamba na mwenye miguu mirefu, anapita bila shida. Dume nene la ndani linalolala kutwa, au Maine Coon (aina ya paka wakubwa), litapita kwa kujibana na baada ya siku chache litakataa. Wa namna hiyo achukuliwe toleo kubwa la kampuni hiyohiyo, lenye nafasi ya milimita 178 kwa 170 na betri 4 kubwa za C. Kata katoni yenye tundu la 142 kwa 120, weka chakula upande wa pili, uone. Jaribio hilo halina gharama.

Sasa tundu lenyewe. Kimo kinachofaa ni pale ambapo ukingo wa chini wa njia unafika usawa wa tumbo la paka akiwa amesimama, na kwa paka wengi ni sentimita 10 hadi 15 kutoka sakafuni. Lakini sakafu ipi? Nyumba nyingi zina ngazi moja au mbili nje ya mlango wa jikoni. Ndani ni sentimita 12, nje inakuwa 40, na paka anaingia akiwa ananing'inia, kichwa kimeinuliwa na mabega yako nje ya eneo la antena. Chipu haisomwi, kitasa hakiachii, mwenye nyumba anasema mlango ni mbovu. Dawa ni tofali moja au ubao wa kukanyagia upande wa nje, wenye upana wa kutosha paka asimame na miguu yote minne.

Mlango wa mbao ndio rahisi kuliko yote. Kama ni wa paneli, toboa kwenye paneli, usiguse mihimili ya pembeni wala ule wa chini, kwa sababu hiyo ndiyo inayoubeba mlango na ukiikata utaanza kulegea kwenye viungo. Vua mlango kwenye bawaba uulaze kwenye meza. Bandika karatasi ya kipimo inayokuja ndani ya kasha, ihakikishe kwa pimamaji, chora. Tundu ni milimita 165 kwa upana na 171 kwa kimo; karibu mraba lakini si mraba, na fundi anayekata kwa mazoea hukosea hapo. Toboa pembe nne ndani ya mstari kwa biti ya milimita 10 au 12, ingiza jigso yenye msumeno wa meno madogo, ukate taratibu. Mninga na mvule ni mbao ngumu, msumeno ukilazimishwa unapinda kwa chini na tundu linakuwa pana upande mmoja kuliko mwingine. Piga msasa, kisha paka vanishi au rangi kwenye kingo zote mbichi. Hatua hii huachwa kwa haraka ya kumaliza, na mvua za masika zikija mbao inavimba, inakibana kifaa, kibao kinaanza kugusa.

Mlango wa flashi, ule wa plaiwudi mbili na uwazi katikati, unahitaji kazi ya ziada. Ukikaza skrubu bila kujaza uwazi huo, plaiwudi inabonyea na fremu inakunjika. Kata vipande vinne vya mbao vyenye unene sawa na uwazi, vipake gundi, vipachike ndani kuzunguka tundu, subiri gundi ikauke, ndipo ufunge.

Kwenye kufunga, tumia bisibisi ya mkono. Drili inakaza kupita kiasi, na hili ndilo kosa tunaloliona kuliko mengine yote: fremu inapinda kidogo sana, huioni kwa macho, ila ukikiachia kibao kinasimama milimita mbili kando ya mahali pake na kitasa hakishiki. Kijaribu hivi. Kisukume kwa kidole, kiachie, sikiliza. Kinapaswa kubembea mara kadhaa na kutulia katikati bila kukwaruza. Kikikwaruza, legeza skrubu zote nusu mzunguko, kisha zikaze upya kwa zamu, moja juu, moja chini upande wa pili.

Kioo si kazi ya seremala. Kinahitaji tundu la duara la milimita 212 na pete maalumu inayouzwa kando. Kioo kilichokazwa kwa moto hakikatwi tena. Ukikigusa kinamwagika chote kama mchele. Agiza kioo kipya chenye tundu tayari. Hali ni hiyohiyo kwa milango ya vioo viwili ya Ulaya.

Mlango wa chuma, ambao ndio wa nyumba nyingi Dar es Salaam na Nairobi, ndipo kifaa hiki kinapopoteza alama. Uga wa sumaku wa antena unaamsha mkondo wa umeme kwenye bati linaloizunguka, na mkondo huo unaula uga wenyewe; umbali wa kusoma unapungua hadi paka aligonge kwa pua ndipo afunguliwe, au asifunguliwe kabisa. Usikifunge moja kwa moja kwenye tundu la mraba la bati. Tumia pete ileile ya kioo na tundu lake la milimita 212, ili chuma kikae mbali na antena. Lainisha kingo kwa tupa, zipake rangi ya kuzuia kutu. Hata hivyo, kama jikoni kuna mlango wa mbao au ukuta unaofikika, achana na chuma.

Ukuta wa tofali la saruji la inchi 6 ni chaguo zuri kuliko watu wanavyodhani. Pamoja na plasta pande zote unene unafika kama sentimita 18. Njia ya kifaa ina sentimita 7, na kila kipande cha kurefushia huongeza kama 5, kwa hiyo nunua vitatu. Tofali la inchi 18 kwa 9 linatosha kubeba tundu lote ndani yake, hivyo pima ujue viungo viko wapi ukate katikati ya tofali moja, bila kuhitaji linta (boriti ya kubeba ukuta juu ya tundu). Tumia grinda yenye diski ya zege, kata pande zote mbili, malizia kwa patasi. Sakafu ya tundu iinamishwe nje kwa milimita 5 hivi ili mvua ya upepo isirudi ndani. Ziba kwa silikoni, usitumie saruji. Siku ya kukitoa utashukuru.

Usalama. Binadamu hapiti, lakini mkono unapita. Milango yetu mingi ina komeo la chini, na tundu lililokatwa sentimita 30 kutoka kwenye komeo ni sawa na kumwachia mwizi ufunguo. Weka umbali wa mkono mzima au tia kufuli kwenye komeo. Ufunguo nao usilale kwenye kitasa cha mlango mkubwa.

Kumtambulisha paka ni kazi ya dakika moja. Tia betri, bonyeza kitufe cha kumbukumbu mara moja, taa inamulika, kisha mpitishe paka. Chipu ya kwanza kusomwa ndiyo inayosajiliwa, kwa hiyo mfungie shume mbali. Betri ziwe za alkalini. Zile za bei ya chini za kibandani huvuja na kula vyuma vinavyogusa betri, na za kuchaji zina volti 1.2 badala ya 1.5 kwa hiyo hutoa ishara ya kuisha mapema. Za alkalini hufika karibu mwaka, na kumbukumbu haifutiki unapozibadilisha. Mlio wa kitasa huwatisha paka wengi. Kwa siku nne au tano za mwanzo kibandike kibao juu kwa selotepu, kisha kiteremshe kidogo kidogo.

Kwa wanaoishi England, chipu ni lazima kisheria tangu Juni 10, 2024, kwa hiyo hapo hakuna gharama mpya. Huku kwetu paka wenye chipu ni wachache, na anayeihitaji huipata kwa madaktari wanaoandaa wanyama wa kusafirishwa. Mbadala ni kidani cha kielektroniki kinachouzwa kando na kuvalishwa shingoni. Hakikisha ukosi wake unaachia unapovutwa, paka asije akanaswa kwenye seng'enge.

Mbu wanapita pembeni mwa kibao, usitegemee kifaa kiwazuie. Sisimizi huingia kwenye nafasi ya betri. Futa kila mwezi. Karibu na bahari, badilisha skrubu uweke za chuma kisichoshika kutu. Na kwa walio Diani au Kilifi, pwani ya Kenya: kwa kuwa upande wa kutoka hauna kizuizi, mnyama mwenye vidole anaweza kukivuta kibao kwa nje. Tumbili na komba wana vidole. Usiku geuza swichi kwenye kufunga.

Mpangaji asikate mlango wa mwenye nyumba. Toa paneli ya chini, iandike namba nyuma, ihifadhi chini ya kitanda, na mahali pake weka plaiwudi ya milimita 18 uliyoitoboa wewe. Siku ya kuhama unaondoka na plaiwudi, mlango na paka.