Kuiamsha kompyuta ya nyumbani ukiwa mbali: uzoefu wangu wa miezi minane

Kompyuta yangu ni ya mezani, ina feni yenye kelele, na sioni sababu ya kuiacha ikiwaka kutwa kucha eti kwa kuwa huenda siku moja nikahitaji faili nikiwa safarini. Kwa hiyo nailaza. Shida ni kwamba kompyuta iliyolala haisikii hodi.

Nilianza na programu ya kulipia, jina naliweka kapuni. Kompyuta ikiwa macho ilifanya kazi vizuri tu. Kitufe chake cha kuamsha ndicho kilichonizungusha wiki nzima, mpaka nilipogundua kwamba hakifanyi lolote bila kifaa kingine kilicho macho kwenye mtandao uleule wa nyumbani. Nikasema basi, nitajitengenezea mwenyewe.

Kinachoamsha kinaitwa Wake-on-LAN. Kompyuta ikilala, kadi ya mtandao hubaki ikitega sikio, ikisubiri pakiti iitwayo Magic Packet: baiti 6 za FF, kisha anwani ya MAC ya kadi hiyo (namba yake ya utambulisho, baiti 6) ikirudiwa mara 16. Jumla baiti 102. (Hata mimi ukiniita mara 16 nitaamka.) Lazima uiruhusu kwenye BIOS (programu ya msingi inayoiwasha kompyuta) na kwenye mipangilio ya kadi, na utumie kebo, kwa Wi-Fi ni bahati nasibu.

Pakiti hiyo hutangazwa ndani ya mtandao wa nyumbani, na ruta kwa kawaida haiipokei kutoka nje. Wapo wanaofungua poti, yaani mlango wa mtandao, kwenye ruta ili ipite. Mimi nilifanya hivyo, tena kwa ujuaji nikafungua na poti 3389 ya Remote Desktop, ile ya kuendesha kompyuta ya Windows kwa mbali. Asubuhi yake nikakuta kumbukumbu za mfumo zimejaa majaribio ya kuingia: admin, administrator, test, user, mstari baada ya mstari, wala sikuwa nimemwambia mtu. Nikazifunga zote kabla ya chai.

Sasa nina Raspberry Pi, kompyuta ndogo ya kiganjani, iliyochomekwa kwenye ruta. Haizimwi, na umeme inaokula ni kiduchu. Ndani yake kuna Tailscale, programu inayounganisha vifaa vyangu kwa mtandao binafsi uliosimbwa (VPN), iliyojengwa juu ya itifaki ya WireGuard. Niliichagua kwa sababu haihitaji nifungue poti yoyote. Magic Packet haipiti ndani ya Tailscale, kwa hiyo kutoka kwenye simu naingia kwanza kwenye Pi kwa SSH (njia salama ya kuandikia kompyuta amri kwa mbali), naandika amri ya wakeonlan na anwani ya MAC, halafu nasubiri sekunde kumi hivi. Kompyuta nayo ina Tailscale, ikiamka naingia moja kwa moja.

Siku za mwanzo ilikuwa ikiamka, na mimi nikiwa bado natafuta nenosiri, inalala tena. Kumbe Windows ikiamshwa na mtandao bila mtu kugusa kibodi huhesabu dakika 2 tu kisha inarudi kulala. Kuna mpangilio wa kuongeza muda huo, umefichwa kweli kweli.

Sasa faili, ambazo ndizo zilizonikosesha usingizi mimi mwenyewe. Nilikuwa nimesimba diski nzima, isisomeke bila ufunguo, na nikajiona niko salama. Lakini usingizi wa kawaida wa kompyuta ni wa mang'amung'amu: RAM, yaani kumbukumbu ya muda, inabaki na umeme, na ufunguo wa diski unabaki humo. Mwizi akiifikia mashine kabla haijachomolewa, anaukuta na ufunguo wake humo. Ukiichagulia usingizi wa pono, ule wa kuhamishia kila kitu kwenye diski na kukata umeme, ufunguo unatoka kwenye RAM, ila kama umeweka PIN ya kuwashia, kompyuta itaamka na kukuuliza PIN ukiwa huna kibodi ya kuiandikia.

Nimeamua kukaa katikati. Diski ya mfumo inajifungua yenyewe kwa TPM (chipu ya kompyuta inayotunza funguo), nyaraka nyeti ziko kwenye kontena la VeraCrypt, faili moja lililosimbwa linalofunguka kwa nenosiri, na nimeweka alama kwenye chaguo la kulifunga kompyuta inapoingia usingizini. Nikiamsha kwa mbali nakuta limefungwa, naliandikia nenosiri, nachukua ninachotaka, nailaza mashine. Ni hatua moja zaidi, na mara mbili nimekosea nenosiri kwa kidole kinene kwenye kioo cha simu. Siilalamikii. Nakala ya kontena iko kwenye diski ya nje isiyounganishwa na chochote.

Mtu aliyewahi kutumia terminali, dirisha la kuandikia amri, ataumaliza mpangilio huu kwa siku moja. Asiyewahi, nisingemshauri aanzie hapa. Kinachonitatiza bado ni umeme kukatika: Pi inawaka yenyewe ukirudi, ila kompyuta ikishapoteza umeme kabisa haisikii tena pakiti mpaka iwashwe mara moja. Nimeiambia BIOS iiwashe kila umeme unaporudi. Mara ya mwisho ilifanya hivyo saa tisa usiku, feni zikinguruma chumbani.